Ng'ombe wa Shangazi Waliolala Benki

Shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, alituita kwenye kikao cha kumaliza kilio chake mwenyewe akiwa mzima, akatupokea mlangoni na mwiko mkononi. Kwetu Uvira, siku ya kumaliza kilio ndiyo siku ambayo familia inakaa pamoja, inauliza marehemu aliacha nini na kwa nani, kisha inamchagua mtu wa kusimamia. Shangazi alitaka maswali hayo yaulizwe angali yupo wa kuyajibu. Majirani walisema anajiitia kifo. Mimi nilijua anachokifanya, maana nilikuwa nimetembea naye tangu mwanzo wa jambo hilo, na kila nikikumbuka namwona mkubwa kuliko nilivyomwona siku ile.

Alizaliwa Bijombo, juu milimani, kwa watu wa ng'ombe. Baba yake alimpa ng'ombe wake mwenyewe alipoolewa, nao wakazaana. Usalama ulipoharibika kule juu na mifugo ikaanza kuporwa, yeye na mumewe waliwauza waliobaki kabla hawajachukuliwa, wakashuka mjini, wakapanga nyumba Rugenge. Pesa ile aliiweka benki kwa jina lake. Hakuwahi kuiita pesa. "Minye niko na ng'ombe zangu kule banki," alikuwa akisema. "Zinalala ndani, hazinyeshewi mvua." Mume wake alifariki baadaye, bila wao kujaliwa mtoto, naye akaendelea kuishi kwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, bila kuwagusa ng'ombe wake.

Ndagala alizipata kwa mwanamke mmoja aliyezileta kutoka Makobola, na wawili hao wakawa marafiki wa kuchekana kila asubuhi juu ya mizani. Mwanamke yule aliugua, akafa, akaacha binti ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Hakuna ndugu aliyekuja kumtafuta. Shangazi alimfunga mgongoni akaenda naye sokoni kama kawaida, na mtu alipomuuliza mtoto ni wa nani, alijibu, "Anajamba mgongoni mwangu. Weye unafikiri iko wa nani?"

Hakuna aliyefikiria kwenda ofisini kuandikisha kwamba mtoto huyo sasa ni wake. Mtaa mzima ulijua, na kwa mambo ya kila siku hiyo ilitosha. Shule ilimpokea, kanisa lilimpokea. Binti alikua, akawa mrefu na mwenye maneno machache, akaanza kusema kwamba anataka kusomea uuguzi. Binti akisema hivyo, Shangazi alikuwa akinitazama mimi, kisha ananiambia kwa sauti ndogo, "Ng'ombe zile njo zitamusomesha."

Tulidhani hiyo nayo inatosha, mpaka alipofariki mama mmoja wa jirani.

Mwanawe, mtu mzima na mwaminifu, alikuwa na kitu tunachokiita procuration, yaani ruhusa ya maandishi ya kutoa pesa kwenye konti ya mama yake kwa niaba yake. Alikuwa amemtolea mama pesa za dawa kwa muda mrefu bila kukosea. Mama alipofariki alikwenda benki kuomba pesa za sanduku, na kwa uaminifu wake akaeleza kwamba ni za kumzika mama. Papo hapo konti ikafungwa. Alirudi mikono mitupu, na kilio kizima kikawa kinasema benki imekula pesa za maiti.

Shangazi alikuwa ameketi karibu nami. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisimama katikati ya barabara.

"Ile karatasi yako," aliniambia, maana ruhusa ya konti yake nilikuwa nayo mimi. "Iko na kazi gani?"

"Ni ya kukutolea pesa ukiwa mgonjwa, Shangazi."

"Na nikiwa maiti?"

Nilimwambia sijui kwa hakika, twende tukaulize. Nafundisha masomo ya biashara shuleni, lakini mambo ya benki na kifo hayamo katika vitabu ninavyofundishia, na nimejifunza kwamba kuuliza hakumpunguzii mtu cheo.

Pale benki alitupokea msichana mpole aliyeacha kazi aliyokuwa akiifanya ili amtazame Shangazi usoni. "Mama," alisema, "ruhusa inatoka kwa muntu mwenye kuitoa. Akikufa, ruhusa nayo imekufa. Banki haikule kitu. Banki inangojea familia ilete karatasi ya kifo, na karatasi ya tribinali, ile ya mahakama, yenye kuonyesha warithi beko nani. Pesa iko pale pale."

"Na kama familia inasema huyu mutoto si wetu?"

Msichana akafungua habari za konti kwenye mashine yake. "Siku mulifungua konti, tuliuliza jina la muntu wa kupewa ukikufa. Uliandikisha mume wako."

"Ule alikufa zamani."

"Basi mama, umeandikisha marehemu njo akuje kurithi."

Shangazi alicheka mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Atakuja na gari gani?" aliuliza, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini tulipotoka nje hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameelewa kitu ambacho wengi wetu hatukielewi mpaka tumechelewa: mtu anayeruhusiwa kutoa pesa zako si mrithi wako, na jina uliloandikisha miaka iliyopita linakaa pale pale hata kama maisha yako yamegeuka mara nyingi. Ukiwa na konti mahali fulani, nenda kaulize ni jina gani limeandikwa pale. Ni safari ya asubuhi moja, na hakuna atakayekucheka kuliko Shangazi alivyojicheka mwenyewe.

Siku nyingine tulimwona mwanasheria ambaye kanisa lilitufahamisha naye. Alitueleza kwamba binti, kwa kuwa hakuzaliwa na Shangazi wala hakuandikishwa kuwa mwanawe, mbele ya sheria alikuwa mgeni. Shangazi akifa kimya, ng'ombe wa benki wangekwenda kwa ndugu zake wa damu. Aliyekuwa na watoto wa kuzaa angebanwa zaidi, maana wana fungu lao ambalo mzazi hawezi kumpa mwingine. Shangazi, asiye na mtoto wa kuzaa, alikuwa na nafasi kubwa ya kusema mali yake iende wapi, mradi aseme kwa wosia ulioandikwa na kuthibitishwa kwa notaire wa serikali, siyo kwa kunong'ona kitandani.

Halafu akaongeza jambo moja. Binti bado ni mdogo. Hata wosia ukimtaja, mtoto hawezi kusimama kwenye dirisha la benki na kutoa pesa. Lazima mtu mzima amshikie mpaka akue. Alisema kuna nchi ambazo sheria zake zina chombo kamili cha jambo hilo, mali inakaa mikononi mwa mmoja kwa faida ya mwingine, kwa masharti yaliyowekwa na wa tatu. Kwetu inabidi tuijenge wenyewe kwa wosia mzuri na mtu mzuri.

Nilimwona Shangazi akikaa wima kwenye kiti.

"Hiyo," alisema, "kule kwetu milimani tunaita kuragiza."

Akamweleza mwanasheria, na mimi nikasikiliza kama mwanafunzi, ingawa neno nililijua tangu utoto. Mtu mwenye ng'ombe anampa mwingine amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, ndiyo malipo yake. Ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akizaa, mchungaji anakuja kusema. Akiugua, anakuja kusema. Akifa, haitoshi kusema. Analeta ngozi.

"Bila ngozi, ng'ombe haikufa," alisema Shangazi. "Umeila."

Mwanasheria aliweka kalamu chini akacheka, akasema hilo ndilo neno alilokuwa akilitafuta kwa Kifaransa tangu asubuhi.

Ikabaki kumpata mchungaji. Nilijitolea mwenyewe, nikiamini ndilo jibu lililo wazi. Shangazi alinishika mkono.

"Weye uko na roho nzuri," alisema. "Lakini uko mwepesi. Mutoto akilia kidogo anataka telefone, utachinja ng'ombe. Tena ukisimamia weye, kaka yangu atasema mumepanga wawili, mumemuficha. Atakwenda tribinali, na mutoto atazeekea kwenye mlango wa tribinali."

Kaka yake huyo ni baba yangu mkubwa. Alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo wetu hapa mjini, mzee mrefu aliyeshuka kutoka milimani bila hata ng'ombe mmoja na bado anatembea na fimbo ya kuchungia kwenye lami. Hakuwa mtu mbaya. Msimamo wake aliusema waziwazi kila alipopata nafasi: ng'ombe wale walitoka kwa baba yao, basi wakimaliza kazi kwa dada yake warudi kwa watoto wa baba. Binti alimsalimia kwa heshima naye alimwitikia, lakini katika kuhesabu watoto wa ukoo hakuwahi kumtaja. Kila mtu alijua kwamba Shangazi akifunga macho, mzee huyu ndiye atakayesimama kati ya binti na masomo yake.

Shangazi alimchagua yeye.

Nilibishana naye njia nzima. Alinijibu neno moja tu: "Ng'ombe ya kuragiza hauipeleke kwa muntu mwenye kuficha zizi. Unaipeleka kwa mwenye zizi lake liko karibu na njia, kila muntu anapita anahesabu."

Ndivyo tulivyofika kwenye kikao kile, tukaketi kwenye mikeka nyumbani kwake. Alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na mikeke, samaki wa ziwani, iliyokaangwa vizuri, na chai ya maziwa kwa wazee. Ndugu walikula kwa wasiwasi. Mchungaji wa kanisa aliomba sala fupi akiangalia chini, kama mtu asiyejua ataje jina la nani.

Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. "Dada, umetuita kwa kilio. Maiti iko wapi?"

"Iko inakupakulia mboga. Kula kwanza."

Watu wakacheka, na kifua cha nyumba kikalegea kidogo.

"Basi uliza," Shangazi alimwambia. "Uliza vile utauliza siku ile."

Mzee alijipangusa mikono. Aliuliza kwa sauti ya kikao, kama mila inavyotaka. "Marehemu aliacha nini?"

"Aliacha ng'ombe za baba, ziko banki."

"Aliacha nani?"

"Aliacha binti."

Binti alikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi, na nilijua anasikia. Baba mkubwa aligusa fimbo yake iliyokuwa imelala kando ya mkeka. "Dada, minye sina ubaya na ule mutoto," alisema. "Lakini baba alizipata zile ng'ombe kwa jasho lake. Nitamuambia nini baba?"

"Baba alinipa minye, ao alikupa weye?"

"Alikupa weye."

"Na minye natoa. Zinasomesha binti. Imeandikwa kwa notaire, na hawa bantu wote wamesikia. Sasa sikia kitu ya pili." Akaketi chini mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tufike. "Ng'ombe hizo nakuragiza weye."

Mzee alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Weye njo utazichunga mpaka akomae. Maziwa ni yako: lile shamba langu la muhogo kule bondeni Ruzizi, utavuna weye, wakati wote unachunga. Masomo yakilipwa, ng'ombe moja imekufa, unaleta ngozi kwa mwenyewe. Ngozi ni ile karatasi ya shule yenye kuonyesha umelipa. Unaiweka mikononi mwake, siyo mwangu, siyo mwa huyu," akaninyooshea kidole, "mwake. Siku atakuwa mukubwa, zenye kubaki unamurudishia."

Mmoja wa binamu zangu alinong'ona, "Fisi amepewa mbuzi." Shangazi alimsikia. "Weye nyamaza. Huyu alichunga ng'ombe za watu kule juu toka akiwa mudogo. Nani hapa alisikia alipoteza ya muntu?"

Hakuna aliyewahi kusikia. Nilikuwa nimemfahamu mzee yule maisha yangu yote kama mtu wa kudai. Nilikuwa nimesahau, na nadhani naye alikuwa ameanza kusahau, kwamba kabla ya kushuka mjini watu walimjua kwa kitu kingine: waliacha mifugo yao kwake na kulala usingizi. Dada yake hakuwa amesahau. Alimchagua mtu aliyekuwa ndani ya mtu yule, akamwita mbele ya ukoo wote, na mzee akaitika. Alichukua fimbo, akaiweka magotini, akasema, "Sawa. Nitachunga. Lakini minye sipendi bantu wa kunifundisha kuchunga."

"Nani atakufundisha?" alisema Shangazi. "Kula mukeke, inapoa."

Kilio cha kweli kilikuja baadaye, Shangazi alipougua tumbo, akapelekwa hospitali na hakurudi nyumbani. Siku ya kumaliza, tulipoketi tena kwenye mikeka, mtu alianza kuuliza kwa desturi kama marehemu aliacha neno. Baba mkubwa alimkata. "Kilio ya huyu mama tulishamaliza naye mwenyewe akiwa anapakua," alisema. "Leo mule chakula tu."

Sitasema mambo yalikuwa mepesi. Benki ilifunga konti, kama msichana yule alivyotuambia, na karatasi ya tribinali ilichukua muda wake. Lakini jina kwenye konti lilikuwa limebadilishwa, wosia ulikuwepo, na mzee mwenye fimbo aliketi kwenye benchi la tribinali kila alipoitwa, binti pembeni yake. Karani alipomuuliza yeye ni nani kwa mtoto huyu, alijibu, "Niko nachunga ng'ombe zake." Mwanasheria ndiye aliyeeleza maana yake.

Pesa ilipofunguliwa, mzee alilipa masomo ya kwanza na kuja nyumbani kwangu, ambako binti alikuwa amehamia. Hakukaa mpaka alipomkabidhi karatasi ya shule kwa mikono miwili. "Ng'ombe moja imekufa," alisema. "Ngozi njo hii." Binti aliipokea akipiga goti. Ikawa hivyo kila alipolipa.

Kisha ikaja siku ya mvua, binti akiwa tayari kwenye shule ya uuguzi. Mzee alifika amechoka, akaketi, akaomba chai. Akasema amelipa, ng'ombe mmoja amekufa. Binti alingoja. Mzee akanywa chai. Niliona binti akilikunja na kulikunjua pindo la sketi yake, na nikatamani niseme kitu nimwokoe, kwa sababu kwetu mtoto hamdai mzee, na mtoto aliyepokelewa tu katika ukoo hamdai kabisa.

"Papa mukubwa," alisema, macho yake chini. "Ngozi iko wapi?"

Mzee aliweka kikombe. Alichukua fimbo, akasimama, akatoka kwenye mvua. Binti alianza kulia, akiniuliza kama amemkosea, kama sasa mzee ataacha. Tuliketi tukisikiliza bati la nyumba na makelele ya maji kwenye mtaro, na mimi nikiwaza kwamba labda Shangazi, kwa mara hiyo moja, alipima vibaya.

Mvua ilikuwa imepungua aliporudi. Koti lilimshika mwilini, viatu vyake vilijaa matope mekundu ya barabara ya shule. Alifungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameukumbatia ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokuwa kavu. Alikuwa ameiacha kwenye dirisha la malipo.

Aliinyoosha kwa mikono miwili, kama siku ya kwanza.

"Umeuliza vizuri," alimwambia. "Dada yangu naye angeuliza." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye uko unaangalia nini? Chai yangu imepoa."